Kode ya ukutani haijui kama umo ukumbini

Wiki chache zilizopita mdogo wangu, anayesoma chuo kikuu hapa Lubumbashi, alirudi nyumbani Bel-Air akiwa na simu mkononi na wasiwasi usoni. Katika kundi la WhatsApp la promosheni yao, yaani wanafunzi wa mwaka mmoja, lilikuwa limepita tangazo fupi: konferansi ya Alhamisi, prezansi, yaani mahudhurio, itachukuliwa kwa kode ya QR, asiyeonekana kwenye listi hatapewa cheti cha ushiriki. Chini ya tangazo hilo maneno yalikuwa yamefurika. Mmoja aliapa kwamba kode hiyo inaona ulipo hata ukizima simu. Mwingine alisema inameza mega za intaneti. Wa tatu alikuwa na habari iliyowafurahisha wengi: CP, yaani kiongozi wa promosheni, akikutumia picha ya kode, unaiskani ukiwa kitandani kwenu Katuba na unahesabiwa kuwa ulikuja.

"Yaya," mdogo wangu akaniuliza, "ile kode inajua kama niko ndani ao hapana?"

Haijui. Nimesimama miaka kadhaa mlangoni mwa semina na siku za kisayansi nikiwa miongoni mwa waandaaji, na nimeona jinsi mkanganyiko huu unavyowaumiza wanafunzi waliokuja kweli na kukaa hadi mwisho. Ndiyo maana nimeamua kueleza vyombo hivi taratibu, kuanzia karatasi tuliyoizoea hadi kamera inayosoma sura.

Tuanze na maneno, kwa sababu ugomvi mwingi unaanzia hapo. Kuhudhuria ni mwili wako kuwa mahali fulani kwa muda fulani. Kutambuliwa ni kujibiwa kwa swali "huyu ni nani kati ya wote?" Rekodi ni alama inayobaki watu wakishatawanyika: sahihi kwenye karatasi, mstari kwenye jedwali la kompyuta. Chombo chochote cha prezansi, kiwe kalamu ya mia mbili au kamera ya bei kubwa, kinatengeneza rekodi tu. Sisi ndio tunaoitazama rekodi na kusema: basi, huyu alikuwapo.

Mfano tunao majumbani. Penye kilio huwekwa meza na daftari karibu na mlango wa kiwanja, na anayeleta mchango huandikwa jina na kiasi. Familia ikifungua daftari kesho yake itakuta jina la mjomba wa Likasi aliyetuma pesa kwa simu bila kukanyaga, na haitakuta jina la mama jirani aliyelala pale siku tatu akiwasongea wageni bukari (ugali). Daftari halikudanganya mtu. Liliwekwa kuhesabu michango, likahesabu michango. Atakayelisoma kama listi ya waliokuja ndiye atakayemkosea mama yule.

Kwenye shughuli za chuo hatari ya kosa hilo ni kubwa kuliko darasani. Darasani CP anawajua watu wake kwa sura na kwa sauti. Ukisainiwa na mwenzako, kuna atakayegeuza kichwa. Konferansi inakusanya watu wa sheria, wa udaktari, wa politekniki na wa sosholojia, wengine wa mwaka wa kwanza ambao hakuna anayewafahamu. Na nyuma ya listi kuna vitu vinavyogombewa: cheti kitakachowekwa kwenye faili la kuomba kazi, pengine pesa kidogo ya transport, pengine ripoti ambayo mfadhili anaisubiri.

Karatasi na akina Ilunga

Karatasi inayozunguka ukumbini tunaijua. Inaanzia mbele, inapotea katikati, inarudi ikiwa imekunjwa na mara nyingine ikiwa na majina mengi kuliko viti. Mwandiko mmoja unarudi mistari sita mfululizo. Hilo kila mtu analiona. Tatizo ambalo wengi hawalioni linakuja usiku, pale anayeandaa vyeti anapokaa mbele ya kompyuta na kukuta "Ilunga" kumi na tatu.

Kwetu mtu ana jina, post-nom (jina la pili) na prenom (jina kama la ubatizo), na kila mmoja huandika kwa mpangilio wake. Ilunga Ngoy na Ngoy Ilunga wanaweza kuwa mtu mmoja au watu wawili. Ngoy ndiye Ngoyi? Ndiye Ngoie? Kompyuta inaona majina matatu tofauti, na binadamu anaona labda moja. Chombo cha digitali hakitatui hilo kwa sababu tu ni cha digitali: fomu ya kwenye simu inayomwacha kila mtu aandike jina lake apendavyo inazaa fujo ileile, kwa kasi zaidi. Kinachotatua ni namba ya matrikile, ambayo chuo kilikwisha kukupa na hakuna mwingine anayeishiriki. Mwandaaji akiniambia ana nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu, namwambia aache karatasi yake, lakini aweke safu ya matrikile na aihakikishe.

Ndani ya kimraba kuna nini

Kode ya QR, ambayo vitabu huita msimbo, ni kile kimraba cha vidoa vyeusi na vyeupe. Iliundwa mwaka 1994 na Denso Wave, wakati huo idara ya kampuni ya Kijapani ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, kazi ambayo mistari myeusi ya zamani, ile ya bakodi, ilikuwa imeshindwa kwa sababu inabeba maneno machache mno. Ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni inaiambia kamera kode imekaa upande gani, hivyo unaweza kuipiga hata ikiwa imepinduliwa. Vidoa vilivyobaki ni herufi na namba. Katika umbo lake kubwa kabisa inaingiza herufi na namba 4,296, na ikitengenezwa kwa kiwango cha juu cha ulinzi inasomeka hata kama karibu asilimia 30 ya maandishi yake yamechafuka au kuchanika.

Basi. Hakuna kamera ndani, hakuna antena, hakuna betri. Ni wino juu ya karatasi, au mwanga juu ya kioo. Fikiria kibao cha mbao kilichoandikwa "Kata kushoto, nyumba ya tatu, gonga mlango": kibao hakijui nani amekisoma. Simu yako inasoma herufi, mara nyingi inakuta anwani ya ukurasa wa intaneti, inaufungua, na hapo ndipo mambo yanapoanza. Ukurasa huo, si kode, ndio unaokuuliza matrikile yako. Ukurasa huo, si kode, ndio unaoweza kuomba kujua mahali ulipo, na simu itakuuliza kwanza kama unakubali. Kwa hiyo yule aliyesema kode inakuona hata ukizima simu alikosea mara mbili: kode haioni, na simu iliyozimwa haiwezi kusoma kode wala kufungua ukurasa.

Kuhusu mega, tufanye hesabu. Mstari mmoja wa prezansi una matrikile, promosheni, saa na labda jina: tuseme herufi 100. Wanafunzi 400 wanakuwa herufi 40,000, yaani kilobaiti 40 hivi. Picha moja ya kawaida inayotumwa kwenye WhatsApp mara nyingi inazidi hapo. Kama fomu inakula mega zako, si kwa sababu ya prezansi. Ni kwa sababu aliyeitengeneza ameijaza picha, nembo kubwa na mapambo. Una haki ya kumwambia ayapunguze, kwa sababu anayelipa ni wewe.

Picha inayosafiri

Sasa tuje kwa yule wa kitandani Katuba, kwa sababu yeye alisema kweli. Kode iliyochapwa na kubandikwa ukutani ni ileile saa nzima. Ukiipiga picha na kuituma, aliyeko Katuba, Ruashi au hata Kolwezi anaona herufi zilezile na anafungua ukurasa uleule. Rekodi itasema "yupo". Kwa sababu hiyo nasema bila kusita: kode moja ya ukutani ni rahisi kudanganya kuliko karatasi. Karatasi angalau inahitaji mtu aliye ndani achukue kalamu na kuogopa kuonekana. Picha haihitaji hofu yoyote.

Dawa ya kwanza iliyobuniwa ni kode inayobadilika. Mwandaaji anaionyesha kwenye projekta, na kila baada ya sekunde 15 au 20 inageuka, huku seva ikikataa iliyopitwa na wakati. Ni kama tiketi ambayo wino wake unafutika kabla hujafika nayo mbali. Inapunguza udanganyifu sana, ila haiumalizi: anayepiga simu ya video na kuelekeza kamera kwenye projekta anampa rafiki yake kode mbichi. Na hapa kwetu ina adui mwingine. Inataka projekta, na projekta inataka umeme. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ikipita saa ya kufungua kikao, prezansi yote inalala.

Dawa ya pili ni kuuliza simu iko wapi. GPS, chini ya anga wazi, inakuweka ndani ya mita 5 hivi za mahali ulipo. Chini ya zege na mabati inayumba, na aliyeketi katikati ya ukumbi anaweza kuonekana yuko nje ya jengo huku anayenunua mkate barabarani akihesabiwa yumo. Zipo pia programu zinazoidanganya simu kuhusu mahali ilipo. Nimewahi kuona mwanafunzi, aliyekuwa ameketi safu ya pili mbele yangu, akiandikiwa na fomu kwamba yuko mbali na eneo la shughuli. Alisimama, akatoka nje mpaka chini ya mti ili mashine imwamini, akarudi akiwa amekosa robo ya mada aliyoijia. Mashine ilimfukuza ukumbini ili iandike kwamba yumo.

Geuza kamera

Kinachonisikitisha katika mijadala hii ni kwamba watu wanabishana kuhusu aina ya kode, na swali la nani anaskani kode ya nani halitajwi. Katika njia niliyoeleza hadi sasa, mwanafunzi ndiye anayepiga kode ya mwandaaji. Igeuze. Kila mwanafunzi awe na kode yake ndogo yenye matrikile, na mtu wa mlangoni ndiye aipige kwa simu yake.

Mabadiliko hayo madogo yanageuza karibu kila kitu. Mwanafunzi hahitaji simu ya kisasa, kwa sababu kode yake inaweza kuchapwa kwenye kikaratasi au kubandikwa nyuma ya kitambulisho cha chuo. Hahitaji mega hata moja. Mwandaaji naye hahitaji intaneti saa hiyo: programu nyingi za kuskani zinaandika kwanza ndani ya simu, kisha zinapeleka jioni mtandao ukipatikana. Kubwa zaidi, kuna macho ya mtu mlangoni. Anaona kadi, anaona picha iliyo juu yake, anaona uso ulio mbele yake. Mtu akileta kadi mbili, moja yake na moja ya rafiki, anaonekana palepale. Namba ikipigwa mara ya pili, simu inalalamika kwamba huyu ameshaingia.

Gharama yake ni foleni, na hapa waandaaji wengi hujidanganya. Kuskani mtu mmoja, kumtazama na kumruhusu apite kunachukua kama sekunde 5 mambo yakienda vizuri. Watu 400 ni sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa kwa mlango mmoja. Kwa simu nne zinapungua kuwa dakika 8 na kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza la mwandaaji liwe ana watu wangapi wa kusimama mlangoni na betri za akiba ngapi, kabla ya kuuliza programu gani ni nzuri.

Kuna pia suala la saa, na kwetu lina mtego wake. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Fomu iliyotengenezwa na mtu aliyeweka saa za Kinshasa itaandika 8:00 kwa mwanafunzi aliyeingia saa 3 asubuhi kwa saa yetu, yaani 9:00 ukutani. Mchelewaji anageuka mwahi, na siku kipimo kinapogeuzwa upande mwingine, aliyewahi anageuka mchelewaji. Dakika mbili za kukagua saa kabla ya kufungua mlango zinaokoa malalamiko ya wiki nzima.

Na kuingia si kukaa. Anayepigwa kode saa 3 anaweza kuondoka saa 3 na robo. Wengine hupiga tena wakati wa kutoka, na tofauti ya saa mbili hizo ndiyo muda aliokaa. Ni njia halali, ila inazidisha foleni mara mbili, na foleni ya kutoka ni kali kuliko ya kuingia kwa sababu taksi-bisi za kurudi mjini kutoka kampasi ya Kasapa hazisubiri mtu. Binafsi naona kutoka kupigwe tu pale ambapo cheti kinataja idadi ya saa za mafunzo.

Kadi, kidole na sura

Kadi za kugusisha nazitaja kwa ufupi. Ndani yake kuna kichipu kidogo cha kielektroniki kisicho na betri. Kinaamshwa na nguvu ya mashine inayokisoma, kwa umbali wa sentimita chache. Hakiwezi kukufuatilia ukiwa sokoni. Kasoro yake ni ileile ya funguo: ukimpa mwenzako, mlango unamfungukia yeye.

Kidole na sura vinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu vinauzwa kwa ahadi kubwa. Mashine ya alama za vidole kwa kawaida haihifadhi picha ya kidole chako. Inapima mahali ambapo mistari ya ngozi inakatika na kugawanyika, inavigeuza kuwa namba, na inahifadhi namba hizo kama kiolezo cha kulinganisha. Wengi hudhani haikosei. Mwulize aliyefanya kazi ya kufyatua matofali likizo nzima, au mama anayesoma jioni baada ya kufulia watu mchana: mistari ya vidole imelika, mashine inamkataa, na foleni nzima inamtazama kana kwamba ni mwongo. Wanaokataliwa mara nyingi zaidi ni wanaofanya kazi ngumu kwa mikono. Hilo peke yake linatosha kunifanya nisiikubali kwenye konferansi.

Kamera ya sura inafanya kazi ya kubahatisha kwa hesabu. Inasema "anafanana na huyu kwa kiasi hiki", kisha mtu ameamua mapema kiasi gani kinatosha. Tuseme inakosea mara moja katika mia. Kwa watu 400 hao ni wanne waliopotezewa prezansi au kubebeshwa ya mwingine, kila shughuli. Tena mwanga wa ukumbi wetu jioni, na taa moja inayowaka, si mwanga wa maabara.

Kuna tukio la kweli ninalowaeleza waandaaji kila mara. Mwaka 2018 shule moja ya sekondari huko Skellefteå, Sweden, ilijaribu kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa kamera ya sura. Wanafunzi walikuwa wamekubali. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi hiyo ikaitoza bodi ya shule faini ya krona 200,000. Sababu yake ndiyo yenye uzito kwetu: mwanafunzi aliye chini ya shule hawezi kusemwa amekubali kwa hiari, kwa maana anayemwomba ruhusa ndiye anayempa alama. Mamlaka iliona pia kwamba mahudhurio yanaweza kuchukuliwa kwa njia nyepesi zaidi.

Na fikiria siku listi inapovuja. Namba ya kadi inafutwa na kutolewa nyingine. Matrikile inaweza kulindwa. Kidole utakipata wapi kingine?

Listi inakwenda wapi

Msichana mmoja wa familia yetu alijaza fomu ya semina mwaka uliopita. Iliuliza jina, simu, makazi, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa na namba ya kadi ya mpiga kura. Siku iliyofuata listi nzima iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp "ili kila mtu ahakikishe jina lake". Jioni hiyohiyo simu yake ikaanza kuita: wanaume asiowajua, wakimwita kwa jina, mmoja akimtajia mtaa anakokaa. Alibadilisha namba. Kwake semina hiyo ilimalizikia hapo, na cheti hakwenda kukichukua.

Hakuna aliyevunja kompyuta ya mtu. Hakuna mdukuzi. Kulikuwa na fomu iliyouliza mambo isiyoyahitaji, na mkono mmoja uliobonyeza "tuma". Ndiyo maana narudia kwa kila kamati inayoniita: kwa konferansi ya chuo, safu tatu zinatosha, yaani matrikile, promosheni na saa. Jina chuo kinalo tayari kwenye rejista yake. Namba ya simu iombwe tu kama kuna kitu cha kutumwa kwenye simu hiyo. Kadi ya mpiga kura haina kazi kwenye listi ya konferansi. Wakitaka kuhakikisha, wabandike matrikile peke yake, na kila mmoja atafute yake.

Nchi yetu ina sheria kuhusu jambo hili, ingawa wengi hawajaisikia. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi. Tarehe 13 Machi 2023 ikatoka sheria ya digitali, ile ordonansi-sheria namba 23/010, yenye sehemu inayohusu ulinzi wa data binafsi. Sheria hiyohiyo inatambua maandishi ya kielektroniki, mradi ijulikane yametoka kwa nani na yamehifadhiwa bila kuchezewa. Hivyo wanaosema "listi ya simu haina nguvu, lazima karatasi" nao wamekosea. Kinachoipa listi nguvu ni kujua nani aliiandika, saa ngapi, na kwamba hakuna aliyeingiza majina baadaye. Karatasi iliyoachwa mezani usiku kucha haina ulinzi huo.

Unataka kujua nini hasa?

Mwandaaji ajiulize hivyo kabla hajachagua chombo. Kama anataka kujua waliokuja ni wangapi tu, ili mwaka ujao akodi viti vya kutosha, hahitaji jina la mtu. Mtu mmoja mlangoni, bakuli mbili, punje ya maharagwe inahamishwa kwa kila anayeingia: hesabu ni sahihi na hakuna siri ya mtu iliyoguswa. Kama anataka kugawa vyeti, anahitaji matrikile na macho ya binadamu. Kama anagawa pesa ya transport, anahitaji hayo pamoja na sahihi ya aliyepokea, kwa sababu pesa ina hesabu yake. Na kama anataka kujua wanafunzi wamejifunza nini, hakuna mashine ya mlangoni itakayomwambia. Awaulize maswali mawili mwishoni asome majibu.

Nilimweleza mdogo wangu hayo kwa ufupi, akayapeleka kwa CP wake, kijana msikivu. Hawakuwa na muda wa kutengeneza kode za watu wote kabla ya Alhamisi. Wakakubaliana hivi: simu tatu mlangoni, kila moja ikiwa na listi ya matrikile za fakilte yake; mwanafunzi anaonyesha kitambulisho, anatafutwa kwa namba, anawekewa alama. Wasio na kitambulisho walitambuliwa na CP wao. Pembeni ikawekwa meza na karatasi kwa yeyote ambaye mashine ingemkataa.

Nilikwenda kuona. Umeme ulikatika robo saa kabla ya kufungua, na hakuna kilichosimama isipokuwa kipaza sauti. Karatasi ya pembeni ilijaa mistari kumi na moja. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye simu ya tochi na kitambulisho kilichofifia kiasi kwamba namba zake za mwisho hazisomeki. Aliandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, akauliza kama ataingizwa kweli kwenye ile listi ya simu. Msichana wa mezani alimsomea alichoandika, akamwambia, "Mama, usiku huu nitaingiza mimi mwenyewe." Saa 2 usiku mdogo wangu alinionyesha jedwali. Mistari yote kumi na moja ilikuwamo, na kando ya kila mmoja iliandikwa: "kutoka karatasi".